Binti wa Kibokoni Katika Baridi ya Munyaka

Kwetu Pwani neno chuo ni kongwe kuliko wale walioliongeza "kikuu" nyuma yake. Chuo kilikuwa ni pale kwa maalimu, katika sebule ya nyumba ya mawe au barazani, watoto wamekaa juu ya mkeka, juzuu ziko juu ya marufaa, na fimbo imelala karibu na mguu wa maalimu ikimngojea mvivu. Mwandishi wa makala haya alisoma hapo na akakhitimu hapo. Na mpaka leo, bibi wa makamo wa Mji wa Kale akikwambia kwamba mwanawe yuko chuoni, yakubidi umwulize tena: chuo kipi, bibi?

Nimelitanguliza neno hili kwa sababu mzozo uliozuka nyumbani kwetu mwaka huu, na ambao naamini umezuka katika nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu, ulikuwa juu ya hilo hilo. Chuo kipi, kiko wapi, na nani anamlinda mtoto akiwa huko.

Dada yangu wa tumbo moja ana binti. Baba wa mtoto huyu alifariki zamani, na walii wake ni ami yake, mtu mzima mwenye heshima zake na msimamo wake. Binti alifanya vizuri katika mtihani wa kidato cha nne, na mwaka 2023 akapangiwa kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret. Siku hiyo Kibokoni kulikuwa na vigelegele, halua ilitembezwa nyumba hadi nyumba, na ami mwenyewe alikuwa wa kwanza kutoa mkono wa heri. Mwaka wa kwanza ulipita salama. Lakini mabweni ya vyuo vyetu vya umma hayawatoshi wanafunzi, na hili si siri kwa mtu. Baadaye binti akapanga chumba pamoja na wenziwe wawili katika mtaa uitwao Munyaka.

Habari hizo zilipofika nyumbani, zile halua zikageuka shubiri. Ami alikuwa na mambo matatu. Kwanza, hajapata kusikia mwari wa ukoo wao akapanga chumba cha kodi katika mji wa watu. Pili, Eldoret ni mji aliouona katika runinga mwanzo wa mwaka 2008, na alichokiona hakukisahau. Tatu, alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba watoto hawa hupewa maiti wakazipasua. "Na arudi," akasema. "Kwani Pwani hakuna vyuo?"

Dada yangu hakubishana naye. Alinijia mimi baada ya sala ya Isha akaniambia: "Kaka, wewe ni mtu wa kuandika, wazoea kwenda na kuuliza. Nenda ukamtazame mwanao kwa macho yako, kisha uje umwambie ami yake ulichokiona. Usitie chumvi, usipunguze." Nikafunga safari katika mwezi wa Shaaban.

Swali la ami, kwamba Pwani hakuna vyuo, si swali la kupuuzwa, na laiti lingeulizwa kwa sauti kubwa zaidi miaka 60 iliyopita. Ukweli ni kwamba Pwani ilitangulia kisha ikabaki nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, ile ambayo wazee waliiita MIOME, iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamaa wa Kibohora na ya serikali ya wakati ule, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Hapo ndipo alipofanya kazi Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1933, ambaye mtihani wake wa sekondari haukumpa alama za kuingilia Makerere. Baadaye alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, na alipokwisha alirudi Afrika Mashariki, akaingia Makerere ile ile kwa mlango wa uprofesa. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa akazikwa makaburini kwa jamaa zake, mkabala na Ngome ya Yesu.

Lakini taasisi ile ilibadilishwa jina, ikawa ya ufundi kwa watu wote mwaka 1966, ikawa politekniki mwaka 1972, na ilisubiri mpaka mwaka 2013 ndipo ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo wa 2013 Kilifi nayo ikapata Chuo Kikuu cha Pwani kilichokamilika. Kwa hivyo, katika nusu karne ya kwanza ya uhuru, mtoto wa Pwani aliyetaka chuo kikuu cha umma cha kwao hakukipata. Ilimbidi apande basi. Tulizoea kuwapeleka watoto wa kiume Madina, Khartoum na Cairo, tukawasindikiza kwa dua na buhuri, nao walikuwa mbali zaidi ya Eldoret. Kwa hao hatukusema neno. Hili nilimwambia ami kabla sijaondoka. Hakulipenda.

Basi nilipanda treni mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi nikapanda basi. Ni kilomita 310 hivi mpaka Eldoret. Ukivuka Nakuru gari huanza kupanda, na hewa huzidi kuwa nyembamba na kavu. Timboroa nilivaa koti. Burnt Forest niliona magunia ya viazi na milima ya kabeji kando ya barabara, na akina mama waliojifunga mablanketi mchana kweupe.

Eldoret wenyewe ni mji mchanga ukiulinganisha na Mvita au Lamu. Ulianza kwa posta mwaka 1910 katika nchi waliyokuwa wamepewa masetla, wengi wao Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, na watu wa zamani wa huko walikuwa wakiuita Sisibo, kwa kulikata jina la kiwanja nambari 64. Tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapandishwa daraja rasmi kuwa jiji. Uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,000 na ushei. Mwezi niliokwenda ni wa kiangazi, jua la mchana ni kali na vumbi ni jekundu, lakini likishatua, ndugu msomaji, utadhani mtu amefungua mlango wa barafu.

Munyaka iko upande wa mashariki wa mji, jirani na Kapsoya. Jina lenyewe ni la Kikikuyu, na maana yake ni bahati. Si mtaa wa matajiri wala si mtaa wa mafukara. Kuna nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa haraka, na katikati yake kuna ploti za zamani za mabati, vyumba vimepangwa mstari mmoja vikiutazama ua, bomba la maji moja, kamba za nguo zimekatana juu kama nyavu. Wapo Wakikuyu, Waluhya, Wakalenjin, Wakisii, Wajaluo. Makanisa ni mengi, na Jumapili kila moja na vipaza sauti vyake. Bodaboda hazilali. Wanafunzi wanapenda mtaa huu kwa sababu kodi si ya kuvunja mgongo, na matatu za mjini hazikatiki.

Mpwa wangu alinipokea barabarani, amevaa buibui lake na juu yake sweta mbili. "Mjomba, shikamoo. Umekonda kwa safari," akasema, na mimi nilikuwa nimekuja kumtazama kama amekonda yeye. Hakukonda.

Chumba chao ni kimoja, wamekigawa kwa pazia. Upande mmoja vitanda viwili, mwingine kimoja, meza, jiko la gesi, mtungi wa maji, na juu ya ukuta picha kubwa ya mishipa ya mwili wa binadamu iliyonikodolea macho muda wote nilipokuwa nikinywa chai. Mmoja wa wenziwe anatoka Kisii, ni Mkristo, anasomea uuguzi. Wa pili ni Msomali kutoka Garissa, yuko darasa moja na mpwa wangu. Nilikaa na kuuliza kama wakili. Alfajiri huamka nani? Binti wa Garissa huamka kwanza, hupasha maji ya udhu, kwa sababu maji ya bomba saa hiyo ni adhabu. Yule wa Kisii naye, nikaambiwa, amezoea sauti za wenziwe hata siku wakichelewa yeye ndiye huwaamsha: "Nyinyi, Mungu wenu anangoja." Walicheka wote watatu. Nikaandika katika daftari yangu.

Mwenye ploti ni mama wa Kikikuyu, mjane, umri wake wapata miaka sabini. Wanafunzi wote humwita Shosho, yaani nyanya. Alinipa kiti uani akaniuliza habari za bahari, ambayo hajapata kuiona. Mimi nikamwuliza, kwa adabu, juu ya lile jambo la pili la ami.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba ndiyo, waliondoka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mji ulipowaka, yeye na wanawe walikimbia na nguo walizovaa, wakalala katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret pamoja na maelfu ya watu wengine, chini ya maturubai, mvua ikinyesha. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa, kanisa lilichomwa na watu ndani yake, wengi wao akina mama na watoto. Hayo dunia nzima iliyajua. Shosho alirudi baadaye akakuta kuta zimesimama na paa halipo. Akaezeka upya, chumba kwa chumba, na vyumba vya kwanza kuezekwa aliwapangisha wanafunzi. Nilimwuliza kwa nini wanafunzi. "Mzee," akasema, "mwanafunzi ametoka kwao. Hajui huyu ni nani na yule ni nani. Nilitaka watu kama hao."

Je, leo anaogopa? Akasema kila mwaka wa uchaguzi huweka mkoba wake tayari karibu na mlango. Hakunificha. Na mimi niliahidi nyumbani kwamba sitatia chumvi wala sitapunguza, kwa hivyo na huo mkoba niliuchukua katika ripoti yangu. Wasomaji watajua kwamba mwaka 2027 hauko mbali.

Tuje sasa katika masomo. Skuli ya tiba ya Moi haiko katika ile kampasi kubwa ya Kesses, kilomita zipatazo 35 kutoka mjini, bali iko mjini penyewe, imeungana na hospitali kuu ya rufaa. Chuo kizima kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, kufuatia pendekezo la tume ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Mkanada, Colin Mackay, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83, wa elimu ya misitu, waliohamishwa kutoka Nairobi. Skuli ya tiba ilifuata, ikapokea wanafunzi mwaka 1990, na mkuu wake wa kwanza akawa Profesa Haroun Mengech. Ama hospitali yenyewe ni ya zamani zaidi. Ilianza mwaka 1917 ikiwa na vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika. Leo wagonjwa huletwa kutoka magharibi yote ya Kenya na hata ng'ambo ya mpaka. Tangu mwanzo chuo hiki kilishikana mikono na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na mwaka 2001, ukimwi ulipokuwa ukiua watu kama nzige walavyo shamba, ushirika huo ukazaa mradi wa matibabu wa AMPATH, uliowafikishia dawa watu wengi ambao majeneza yao yalikuwa yameshaanza kupimwa.

Lililonishangaza ni namna ya kufundisha. Nilitazamia ukumbi mkubwa, mhadhiri mbele, na mamia ya vijana wakiandika. Ukumbi upo, lakini mpwa wangu aliniambia kwamba tangu skuli hii ianze, sehemu kubwa ya somo hufanywa kwa duara. Wanafunzi wachache hukaa pamoja, hupewa kisa: mama wa miaka 30, ana homa siku tano, anakojoa damu. Huulizana: tunajua nini, hatujui nini, twende tukatafute nini? Kisha hutawanyika, husoma, hurudi baada ya siku kadhaa na kila mmoja hueleza alichokipata. Mwalimu yupo, ameketi miongoni mwao, lakini kazi yake kubwa ni kunyamaza.

Nilimwambia, mwanangu, hii ni darsa. Hivyo ndivyo tulivyokaa msikitini baina ya Magharibi na Isha, tumemzunguka shekhe, kitabu kiko kati. Tofauti ni moja: shekhe wetu hakunyamaza hata kidogo, na aliyeuliza sana alipewa jicho. Mpwa wangu akacheka akasema, "Na mimi, Mjomba, mwezi wa kwanza nilikaa kimya nikingoja shekhe aseme." Aliyemtoa kimya ni yule mwenziwe wa Garissa, kwa kumfinya chini ya meza. Nadhani hapa kuna neno kwa walimu wetu wa madrasa, lakini hilo ni la makala nyingine, na nisije nikafukuzwa msikitini kabla ya Ramadhani.

Na maiti? Hili ndilo lililokuwa zito zaidi kwa ami, na sikutaka kulivuka kwa mzaha. Ni kweli. Katika mwaka wa kwanza na wa pili wanafunzi wa udaktari husoma viungo vya mwili kwa maiti. Nilimwuliza binti alijisikiaje. Akasema siku ya kwanza hakula. Siku ya pili, kabla ya kuingia, aliwasomea marehemu hao Fatiha moyoni, hajui dini zao, akaona ndiyo adabu pekee anayoiweza. Wanafundishwa kuufunika mwili, kutocheka, kutopiga picha.

Kwa upande wa sheria, maulamaa wamelizungumza jambo hili kabla yetu. Maiti wa mwanadamu ana hishima, hilo halina ubishi. Lakini Sheikh Hasanayn Makhluf, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa ya kuruhusu upasuaji wa maiti kwa ajili ya kufundishia utabibu na kutafuta sababu ya kifo, kwa vile kuokoa walio hai ni wajibu, na wajibu hautimii bila nyenzo yake. Wala tusisahau kwamba utabibu ulipokuwa mikononi mwa Waislamu, Ibn Nafis, katika karne ya 13, ndiye aliyeeleza njia ya damu baina ya moyo na mapafu, karne kadhaa kabla ya Ulaya kuijua.

Lakini mimi nina hoja iliyo karibu zaidi na mlango wetu. Nenda katika hospitali yoyote ya Pwani siku ya kliniki ya wazazi. Utawaona waume zetu wamesimama nje, nyuso zimekunjamana, wanauliza: hakuna daktari mwanamke? Wanamtaka daktari mwanamke, tena Mwislamu, tena ajuaye lugha yetu. Sawa, ni haki yao. Lakini daktari huyo wanamtaka adondoke kutoka mbinguni, maana binti zao hawataki wasomee Eldoret, na chumba cha kupanga ni aibu, na maiti ni haramu. Nilipoyasema haya kwa ami baadaye alinitazama kwa muda mrefu. Mkewe mwenyewe, mwaka mmoja kabla, alikataa katakata kupimwa kwa sababu zamu ilikuwa ya mwanamume. Ami alijua kwamba najua.

Kuna jambo jingine ambalo skuli hii imejulikana nalo, wao huliita kwa herufi zake COBES. Wanafunzi hutolewa mjini wakapelekwa katika vituo vya afya vya vijijini, wakae huko, watembee nyumba kwa nyumba, waulize watu wanakunywa maji gani, wanajifungulia wapi, watoto wamechanjwa au la. Mpwa wangu alipelekwa kijiji kimoja cha Wanandi. Amerudi na maneno mawili matatu. Akikutana na mzee njiani humwambia "Chamgei", naye hujibiwa "Chamgei mising" kwa kicheko cha furaha. Kiswahili chake kimekuwa dawa na kimekuwa kizuizi. Wagonjwa humwambia, "Daktari, wewe unaongea kama redio." Mara moja alimwuliza mzee kama anaona kizunguzungu, mzee akageuka akatazama nyuma yake. Alipomwuliza kama kichwa kinazunguka, wakaelewana.

Nilitaka kujua pia habari ya pesa, kwa kuwa watu huzisema pesa za vyuo vikuu kwa uvumi. Wazee waliosoma miaka ya 1970 walilipiwa kila kitu na serikali, na juu yake wakapewa posho. Wapo walionunua redio kwa posho hiyo. Mambo yalibadilika mwaka 1991 wanafunzi walipotakiwa kuchangia karo na kujilipia chakula, kukawa na fujo na vyuo vikafungwa. Bodi ya mikopo, HELB, ikaundwa kwa sheria ya 1995. Mpwa wangu na wenziwe walioingia mwaka 2023 ni kundi la kwanza la utaratibu mwingine tena, ambapo kila mwanafunzi hupimwa uwezo wa nyumba yao, akapewa fungu la ufadhili, fungu la mkopo, na mzazi akatoa lililobaki. Udaktari ni katika masomo ghali kabisa. Katika lile fungu la mzazi, mjane auzaye mahamri na viazi vya karai hawezi peke yake. Nusu hutoa ami. Ndiyo maana neno la ami lina uzito wa namna mbili, la dini na la mfuko.

Na pesa ikishalipwa, masomo nayo hayana uhakika. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma nchini waligoma siku 49, tangu katikati ya Septemba mpaka mapema Novemba, wakidai malimbikizo yao. Watoto wengine walirudi kwao. Mpwa wangu hakuweza, nauli ya kwenda na kurudi Mombasa ni chakula cha majuma kadhaa. Alibaki Munyaka. Alinieleza siku zile bila kulalamika: asubuhi walisoma watatu, adhuhuri walimsaidia Shosho kumenya mahindi, na jioni alikaanga mahamri akayauza pale langoni. Hapa ilizuka vita vya kweli, kwani watu wa Munyaka waliyaita mandazi. Aliwaeleza tofauti, iliki na tui la nazi na kuumuka kwake. Walisikiliza, wakanunua, wakaendelea kuyaita mandazi. Nazi hutumiwa na mama yake kwa basi, pamoja na bizari na achari. Nazi moja ikivunjika njiani huandikiwa barua ya tanzia.

Usiku mmoja wa mgomo ule alimtumia mama yake ubeti kwa simu. Dada yangu aliuhifadhi, na mtoto ameniruhusu niuweke hapa:

Mama baridi ya huku, yapenya hata mifupa,
Natetema kila siku, maji nikiyaogopa,
Nimezungukwa na buku, usingizi wanihepa,
Sitarudi kama kuku, ahadi niliyokupa.

Mizani imetimia na vina vimeshikana. Kuku pale mwisho, mimi kama mtu wa kazi hiyo, naona kaletwa na kina zaidi kuliko na maana, lakini aliyeandika anasema hapana, kuku kila jioni hurudi bandani, na yeye harudi mpaka amalize. Nikamwachia kuku wake.

Usiku wa mwisho nilimwuliza mambo ambayo mjomba huona haya kuuliza. Je, kuna wavulana wanaomsumbua? Wapo, akasema, kama walivyo Kibokoni. Je, kuna ulevi chuoni? Upo, na madawa yapo, na wapo wasichana waliokuja na buibui wakalivua kabla ya muhula kwisha. Ipo pia jumuiya ya wanafunzi Waislamu, ina darsa zake na futari ya pamoja Ramadhani, na Ijumaa wenye nafasi huenda msikitini mjini, ambako Wasomali, Wanubi na Wahindi husimama safu moja. "Mjomba," akaniambia, "hapa hakuna wa kukuambia swali, na hakuna wa kukuambia usiswali. Ukiswali, umeswali wewe." Kisha akaniuliza yeye: iwapo ami ataamua arudi, mimi nitasimama upande gani? Nilimjibu kwamba nimetumwa kuona, sikutumwa kuhukumu. Akanyamaza. Jibu hilo halikumtosha, na njia nzima ya kurudi halikunitosha na mimi.

Mombasa nilimkuta ami barazani baada ya Isha. Nikamweleza yote: chumba na pazia, Shosho na mkoba wake, maiti na Fatiha, duara, mgomo, mahamri. Nikamwambia pia kwamba anayetoka skuli ya tiba katikati ya safari hapati kuhamisha udaktari wake mahali pengine kama mtu anayehamisha kitanda. Akirudi, amerudi mtupu. Na kwa kuwa sikupendezwa na jibu langu la Munyaka, nikaongeza lile ambalo sikutumwa: kwamba iwapo yeye ataondoa mkono wake, basi ile nusu nitaibeba mimi, ijapokuwa malipo ya mshairi kila mtu anayajua.

Ami alizungusha tasbihi yake muda mrefu. Akauliza swali moja: "Shosho huyo, jikoni kwake kuna nguruwe?" Nikamwambia hakuna, mama yule hufuga kuku na mbuzi mmoja mkorofi. Akasema mkono wake hautaondoka na asiambiwe tena habari za malipo ya mshairi. Lakini aliweka sharti mbili. Mwaka wa uchaguzi, binti awe nyumbani kabla ya siku ya kura na abaki mpaka mji utulie, hata kama chuo kitakuwa kimefunguliwa. Na kila Ijumaa, baada ya sala, ampigie simu.

Binti amekubali la pili. La kwanza anasema wataliongea wakati ukifika, kwa sababu wagonjwa nao hupiga kura na huumia. Ami ameambiwa kuwa amekubali yote mawili. Ni kazi ya dada yangu hiyo, mimi simo.

Ijumaa iliyopita walizungumza kwa simu robo saa nzima. Nyingi ya dakika hizo, nimeambiwa, zilikwenda katika goti la kushoto la ami, ambalo humwuma akisujudu, na binti alimtaka alieleze upya tangu mwanzo, pole pole: lilianza lini, linavimba au halivimbi, na asubuhi likoje.